Kinyozi Pazi na Nywele za Utosini

Hadithi hii nimeipokea kama ilivyo na naituma kama ilivyo, sikuipaka mafuta. Ukimaliza kuisoma, mpelekee mtu mwenye watoto zaidi ya mmoja. Na msianze kuniuliza ni mtaa gani. Ni Kilosa, inatosha, enzi zile mashine ya kunyolea ilikuwa ya mkono, inalia kwachu kwachu, na wembe ulinolewa kwenye mkanda wa ngozi.

Kinyozi mwenyewe aliitwa Mzee Pazi. Kiti chake kilikuwa kimoja, cha mbao, chenye mikono mipana. Akija mtoto, Mzee Pazi alilaza ubao juu ya ile mikono, mtoto akapanda, kichwa kikafika usawa wa kioo. Wako watu wazima, wengine wana wajukuu, wakisikia harufu ya spiriti na poda mpaka leo wanaukumbuka ubao ule.

Mzee Pazi alikuwa na wana wawili, Shomari na mdogo wake Chande. Aliwafundisha kazi wote wawili, kwa kiti kile kile na ulimi ule ule. Ulimi wenyewe ulikuwa mkali, naye alijisifu kwao: "Mimi sina mtoto wa kubembeleza na mtoto wa kukaripia. Ninachomwambia huyu ndicho ninachomwambia yule. Hiyo ndiyo haki."

Na kweli hakupendelea. Shomari akikosea aliambiwa, "Kichwa boga wewe!" Naye alijibu, "Boga la shamba la nani, baba?" Wateja wakavunjika mbavu. Chande akikosea aliambiwa hayo hayo. Yeye hakujibu. Alichukua ufagio akafagia nywele sakafuni, hata kama zilikwisha kufagiwa.

Siku moja, watu wamejaa kibandani, Chande alimkata mteja kidogo nyuma ya sikio. Mzee Pazi akampokonya wembe.

"Mkono huo si wa kinyozi, ni wa mchinja kuku!"

Watu wakacheka. Neno hilo hilo alimwambia Shomari wiki ile ile, na Shomari akawika kama jogoo. Chande hakuwika. Alivua aproni, akaitundika kwenye msumari, akatoka. Alikwenda Mpwapwa akajifunza useremala. Miaka tisa hakushika wembe, hata ndevu zake alinyolewa na watu. Kilosa hakurudi.

Asubuhi moja Shomari akaingia na ujumbe alioletewa na dereva wa lori la mbao.

"Baba, Chande amepata mtoto wa kiume. Ijumaa ndiyo siku ya saba. Atanyolewa."

Kwa akina Pazi, mjukuu hunyolewa na babu. Ndivyo walivyonyolewa wote, kizazi kwa kizazi, na Mzee Pazi alikuwa hajawahi kumnyoa mjukuu. Huyu ndiye wa kwanza.

"Nani atamnyoa?"

Shomari akatazama sakafu. "Wametafuta kinyozi wa kule kule."

Mzee Pazi alipiga meza mpaka chanuo likaruka. "Nimemkosea nini? Nililomwambia yeye si ndilo nililokuambia wewe? Mbona wewe uko hapa?"

"Mimi ni mimi, baba."

Hapo hapo akaingia Tabibu Mlewa, mstaafu wa zahanati. Utosi wake ulikuwa mtupu unang'aa, nywele zimebaki pembeni na kisogoni tu.

"Umekuja tena?" Mzee Pazi akamtolea hasira zake. "Kila mwezi unaniletea uzio niufyeke. Shamba lenyewe liko wapi?"

"Shamba umeliua wewe kwa makofi yako," Tabibu akajibu, akakaa.

Maana Mzee Pazi alikuwa na tiba yake. Aliamini kipara huja kwa sababu damu haifiki utosini. Basi kila mwenye kipara alipakwa mafuta ya nyonyo, akapigwapigwa vikofi utosini ili damu ipande.

"Hebu niambie, Pazi," Tabibu akasema, mashine ikilia kisogoni. "Siku ile wembe ulipokuponyoka ukanikata utosini, ilitoka nini?"

"Damu. Tena nyingi, ilikataa kukoma."

"Basi inafika."

Mzee Pazi akapuliza nywele kwenye meno ya mashine.

"Damu ni ile ile, juu na kisogoni," Tabibu akaendelea. "Ndani yake mna homoni ya kiume, nayo inapita kichwa kizima. Mizizi ya nywele za kisogoni inapitiwa nayo wala haijali. Mizizi ya utosini, kwa mtu aliyerithi kipara, inaumizwa nayo. Unywele ukidondoka, unaofuata huota mwembamba zaidi, mfupi zaidi, mpaka unabaki unyoya kama wa kichanga. Wewe si umeuona?"

"Nimeuona. Vichwa vingi."

"Na ndevu je? Homoni hiyo hiyo ndiyo inayozistawisha. Kitu kimoja, mzee mwenzangu. Kidevuni kinaotesha, utosini kinakondesha, kisogoni hakifanyi kitu. Kosa si la damu kutofika. Mizizi ndiyo haifanani."

"Lakini mzizi ukihamia mahali pengine si utabadilika?"

"Haubadiliki. Madaktari huchukua nywele za kisogoni wakazipanda mbele, nazo huendelea kuota huko mbele. Unywele hausahau ulikotoka. Unakwenda na tabia yake."

Mashine ikanyamaza. Mzee Pazi alimtazama Shomari, kisha akautazama ule msumari. Hakuna aliyewahi kutundika aproni nyingine pale.

"Kwa hiyo miaka tisa ya Mpwapwa haikumbadilisha," akasema polepole.

"Nani huyo?"

"Basi tu."

Akamaliza kumnyoa bila kofi hata moja. Tabibu alipotoka alijishika utosi akashangaa.

Ijumaa, Mzee Pazi alifika Mpwapwa na kisanduku cha nyembe, na ule ubao kwapani. Uwanja ulikuwa umejaa wageni. Kinyozi wa pale alikwisha kukunjua taulo. Chande alisimama mlangoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Kila mtu alijua mzee amekuja kudai haki yake ya babu, na kila mtu alijua ulimi wake. Mkwewe, mke wa Chande, akamkumbatia mtoto kifuani.

Mzee Pazi akakaa kwenye kiti cha yule kinyozi, akavua kofia. Tangu Chande azaliwe hakuwahi kumwona baba yake akivua kofia mbele za watu. Utosi ulikuwa mtupu kama sinia. Yule aliyewapiga wenzake vikofi miaka yote, tiba yake haikumfaa na yeye!

Akachomoa wembe, akamnyooshea mwanawe. "Ninyoe."

"Baba, mimi ni seremala."

"Mbele za watu nilisema mkono wako ni wa mchinja kuku. Leo nataka kunyolewa na mkono huo huo. Mbele za watu."

Chande aliupokea. Alinyoa kisogo, akanyoa pembeni, akapanda juu kuviondoa vile vinyoya vichache vya utosini. Wembe ukateleza. Damu ikashuka mpaka kwenye nyusi za mzee.

Chande alifumba macho, kama zamani, akingoja neno.

Mzee Pazi akaigusa damu kwa kidole, akaitazama.

"Hata huku juu inafika," akasema. "Na neno langu la siku ile lilikufika, mwanangu. Mimi nilidhani halina kitu, kwa sababu kaka yako lilimpitia tu. Nisamehe."

Chande alifumbua macho. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini mdomo ulikuwa unacheka. Kwa mara ya kwanza maishani mwake akajibu.

"Sasa boga gani hili linalotoka damu, baba?"

Mzee alicheka mpaka akashikilia mikono ya kiti. Bibi wa upande wa mama akaleta wembe mpya, na kinyozi wa pale akakunja taulo lake bila kinyongo. Mtoto alikuwa mdogo mno kwa ubao, wakauegemeza ukutani umngojee. Chande mwenyewe alimpakata, babu akanyoa. Unyoya ukaanguka kwenye kitambaa cheupe, laini, kama ule uliotoka utosini mwa babu muda mfupi kabla.

Funzo: Ukiwaambia wawili neno moja, usijisifu kwamba umetenda haki, kwanza tazama limemfanya nini kila mmoja, kwa maana damu ni moja kichwa kizima, lakini mizizi haifanani.