Nyongeza Juu ya Nini?

Wewe unayenisikiliza, umewahi kuona mtu anakula mara tatu kwa siku, na bado kivuli chake kinakonda?

Basi kaa vizuri. Katika vilima vya Taita waliishi ndugu watatu, watoto wa Mama Mkawasi. Mwadime, kifungua mimba, alikuwa na pua: alinusa muhogo ukiwa bado ardhini. Mkamburi, kitinda mimba, alikuwa na mikono: hata akikuchemshia maji matupu, ungelamba kikombe. Katikati yao alikuwa Wakesho, na yeye alikuwa na macho ya kusoma maandishi madogo. Macho hayo yalimpatia digrii ya sayansi ya vyakula, na digrii ikampatia miaka minne ya waajiri kumwambia "we will get back to you." Hawaja-get back mpaka leo.

Mama yao aliuziwa kopo la unga na watu waliokuja sokoni na spika. Unga mweupe, kijiko kimoja, mlo umekwisha. Akazima jiko, akaliacha shamba limezwe na magugu. Mwezi wa kwanza, kuku waliacha kumfuata. Wa pili, sisimizi waliufikia unga uliomwagika, wakasimama, wakageuza safu. Wa tatu, Wakesho alimkuta uani kwenye jua la asubuhi. Ndoo ilikuwa na kivuli. Ufagio ulikuwa na kivuli. Mama hakuwa nacho.

"Mama, umekula?"

"Kijiko kimoja kwa afya yako," mama akajibu kwa sauti ya kiume, sauti ya ile spika. "Agiza sasa!"

Nywele zikamsimama Wakesho. Akalichukua kopo, akasoma mpaka chini kabisa, penye herufi kama mayai ya chawa: *nyongeza ya chakula*.

"Nyongeza, Mama, huongezwa juu ya kitu. Wewe unaiongeza juu ya nini?"

Spika ikakwama kooni. Kisha ikaja sauti ya mama mwenyewe, ndogo, ya mbali: "Juu ya... hakuna kitu, mwanangu. Nina njaa."

Lakini nyumbani hamkuwa na hata punje. Mwadime akajitosa maguguni. "Nyamazeni bana, mnanivurugia harufu!" Akachimba mihogo mitatu. Kisha akapanda darini akifuata harufu ya jivu la kuhifadhia mbegu, akashuka na kibuyu cha mbegu ambacho kila mtu alikuwa amekisahau. Wakapunguza humo konzi chache za maharagwe.

Mkamburi akachemsha mihogo na maharagwe, akaviponda pamoja kuwa kimanga. Mama akafunga meno. Mkamburi akala tonge la kwanza mbele yake, maana kwao mpishi asiyeonja huitwa mchawi. La pili akalisogeza mdomoni mwa mama, akangoja. Mama akafungua. Alipomeza, kivuli kikaanza kupanda kutoka miguuni, kama maji yapandavyo nguoni.

Alipopata nguvu akasema, "Aliyenirudisha achukue kibuyu. Shamba linafuata kibuyu."

Na kibuyu hakigawanyiki. Ukikipasua, una kata mbili za maji.

"Bila pua yangu mngeponda hewa," alisema Mwadime.

"Bila mikono yangu mngemlisha mihogo mibichi mkamzika," alisema Mkamburi.

"Bila macho yangu," alisema Wakesho, "mngekuwa bado mnaongea na spika."

"Wewe dada? Digrii nzima ya vyakula, na kopo ulilipita mezani miezi mitatu!" akadakia Mkamburi.

Wakesho alikitaka kibuyu kile kuliko kazi zote alizowahi kuomba. Akamgeukia mama. Kivuli cha mama kilikuwa ukutani, kizima, ila midomo ya mama ilikuwa bado inacheza yenyewe, bila sauti, ikiunda "Agiza sasa!"

Je, wewe kibuyu ungemkabidhi nani? Amua, usiniangalie hivyo.

Na nyinyi mliopiga muhuri wa ubora kwenye makopo, mnaojua kwa nini herufi zile ni ndogo: njooni sokoni asubuhi na vijiko vyenu. Mle unga wenu mbele yetu miezi mitatu, kisha msimame juani, tuhesabu vivuli.