Hodi ya Binti Nguchiro

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na majumba na majivuno kama yetu, Kiboko ndiye aliyekuwa na nyumba kubwa kuliko wote: mto mzima. Alijisifu kila mahali kwamba hakuna mstaarabu kama yeye, na kwamba mgeni akishakaribishwa kwake hulishwa na kusindikizwa.

Tatizo ni kwamba hakuwa akimkaribisha mtu.

Siku moja Mama Nguchiro alishikwa na homa kali, hata maji hayapiti kooni. Dawa alikuwa nayo bibi, ng'ambo ya mto. Mama akamtuma bintiye Kibibi, mtoto ambaye angeweza kupotea ndani ya unyayo wa Kiboko.

"Hodi," Kibibi akaita ukingoni.

Kiboko alikuwa majini akila na rafiki yake Nyati. Akamtazama mtoto, akacheka hadi maji yakaruka, chubwi, chubwi. Akamwambia arudi kwao akakue kwanza. Nyati, ambaye hakuwa na akili ya kutunga mzaha wake mwenyewe, akacheka wa mwenzake.

Kibibi akaketi. Machozi yalimlengalenga, maana alimwacha mama anatetemeka. Kisha akapiga hodi tena. Akapiga hodi Kiboko akitafuna, akapiga akipiga miayo, akapiga kila alipofumba jicho. Jua likafika utosini. Sauti ikamkauka, akaendelea hivyo hivyo kwa mkwaruzo.

"Haya, karibu!" Kiboko akafoka. "Karibu, na unyamaze!"

Kibibi akanyamaza. Akaruka, akakaa mgongoni kwa mwenye nyumba, kwa kuwa humo ndani hamkuwa na mahali pengine pakavu.

"Ahsante, babu. Nimeshakaribia," akasema. "Chakula sitaki, mama yangu anaumwa. Nisindikize mpaka ng'ambo."

"Mimi nikusindikize wewe?"

"Kama hutaki, basi. Mjomba Nyati amejionea unavyowaaga wageni."

Nyati akaacha kutafuna. Mdomo wake kila mtu aliujua. Alichokiona leo, kesho nyika nzima inacho. Kiboko akaguna, akaanza kuogelea.

Kibibi aliporudi mbio na dawa, alimkuta Kiboko ameshasogea ukingoni, mgongo tayari, akimsihi asifungue kinywa. Jioni ile Mama Nguchiro alikunywa dawa, kisha akaomba uji.

Yangu yameishia hapo, wanangu: mdogo akikataa kuchoka, mkubwa ndiye atakayechoka.