Sanduku Halifiki Ng'ambo

Ndugu zangu, sogeeni mbele. Viti vya mbele having'ati, na sadaka ya pili haijatangazwa. Nyie mliokaa karibu na mlango kama watu wanaomkwepa mwenye nyumba, njooni. Leo nina mfano, na sitaki mtu aupate nusunusu akaenda kuukoroga nyumbani.

Palikuwa na kijiji kilichokatwa na mto. Nyumba upande huu. Shule, zahanati na soko upande ule. Daraja hakuna. Watu walivuka kwa kukanyaga mawe huku wameshikana mikono, na kila masika mto ulijaa ukaondoka na mtu.

Kijiji hicho kilikuwa na kiongozi wake, kilimchagua chenyewe. Tumwite mheshimiwa, maana ukimwita jina lingine hageuki. Mheshimiwa huyu alikuwa bingwa wa misiba. Kila mtu alipozama, yeye alileta sanduku. Na si sanduku la mchezo! Mbao za mninga, vishikio vya shaba vinang'aa, na juu kuna kidirisha cha kioo ili marehemu aone nani amekuja na nani amejifanya mgonjwa. Alileta na hema, na spika, na sufuria za pilau. Watu ambao nyama waliizoea kwenye picha ya kalenda, siku hiyo walikula mpaka wakalegeza mikanda.

Na sanduku liliposhushwa kwenye gari, mnajua walifanya nini? Walipiga makofi. Akina mama wakapiga vigelegele. Msibani! Nauliza, marehemu akisikia vigelegele si atadhani anaozeshwa tena?

Wakasema, "Hatujapata kiongozi anayezika kama huyu." Wakamchagua tena. Na tena.

Sasa, masika moja mto ukamchukua mume wa mama mmoja. Alizama Alhamisi akirudi kutoka sokoni na mfuko wa unga. Ijumaa asubuhi gari la mheshimiwa limeshafika, sanduku juu, limefungwa utepe. Mwili wa marehemu ulikuwa ndani ya nyumba, umelazwa kwenye mkeka. Mshereheshaji akashika kipaza sauti: "Waombolezaji, tumpigie mheshimiwa makofi ya kilo!" Makofi yakalia. Yule mjane akatoka nje, akalizunguka sanduku mara moja, akaligonga kwa kidole kama anayechagua tikiti maji.

Akawaambia wadogo wa mumewe, "Shemeji zangu, libebeni. Twendeni."

Wakalibeba, tupu vilevile. Mshereheshaji naye kwa kiherehere akatangaza, "Sasa tunaelekea makaburini!" Makaburi yako kushoto, mama anakata kulia. Watu wakatazamana, wakafuata. Mheshimiwa na viatu vyake vyenye ncha akafuata, anaruka madimbwi kama kuku aliyeoga.

Walipofika mtoni, mama akasema, "Lilazeni hapa. Kichwa ukingo huu, miguu ukingo ule."

Shemeji mkubwa akashtuka. "Shemeji, unaumwa?"

"Lilazeni, nimesema."

Wakalilaza. Upande mmoja wakaushikilia ukingoni, upande wa pili ukaning'inia juu ya maji.

"Halifiki," akasema shemeji.

"Halifiki," mama akajibu. Akawageukia watu. "Na tukiunga la mwaka jana, alilozikwa nalo yule mwalimu?"

Bibi mmoja nyuma kabisa akasema, "Ungeni na la mwanangu."

Baba mmoja akavua kofia. "Na la mke wangu."

"Na ya wale mapacha."

"Na la babu."

Sauti zikawa zinatoka huku na huku, kila mtu analeta sanduku lake kwa mdomo, na macho ya watu yanatembea juu ya maji, sanduku baada ya sanduku, mpaka yakagota ukingo wa pili.

Mama akasema, "Mheshimiwa, kumbe mbao za daraja umetuletea miaka yote. Ila umezikata vipande vya kumtosha mtu mmoja mmoja."

Mheshimiwa akakohoa. Wale wanajua kukohoa, wanafundishwa. "Mama, una uchungu, tunakuelewa. Daraja lina taratibu zake. Kuna upembuzi yakinifu, kuna mchakato..."

Upembuzi yakinifu! Ndugu zangu, maneno hayo ukiyameza bila maji yanakukaba.

"Na sanduku halina taratibu?" mama akauliza. "Mume wangu kazama jana, leo limefika na utepe juu."

Shemeji akamvuta pembeni, sauti ya chini. "Shemeji, tutachekwa. Kaka yangu azikwe kwenye mkeka kama mtu asiye na watu?"

Hapo, wapendwa, mama aliyumba. Tusimfanye wa chuma. Mume alikuwa wake, na aibu ya kumzika vibaya ingekuwa yake maisha yote. Alitazama ile mninga, akatazama maji. Kisha akasema kwa sauti ambayo hata spika ingeionea wivu:

"Atazikwa kwenye mkeka, na watu wake ndio hawa wote. Jumatatu binti yake anavuka hapahapa kwenda shule. Nikilipokea sanduku hili leo, nitakuwa nimempa mheshimiwa ruhusa ya kupima la binti yangu."

Shemeji akainama, akashika kishikio cha shaba, akawaita wenzake. Wakalirudisha sanduku hadi nyumbani, wakalipakia kwenye gari la mheshimiwa, utepe na kila kitu. Mshereheshaji kwa mazoea akasema, "Tumpigie mheshimiwa..." Hakuna mkono ulioinuka. Hata mtoto mchanga aliyekuwa analia alinyamaza asije akahesabiwa.

Wakamzika yule baba kwenye mkeka, kijiji kizima. Na pale pale kaburini wakakubaliana: msiba wowote, mkutano wowote, mheshimiwa akija asalimiwe kwa swali moja tu, "Daraja liko wapi?" Akikosa jibu, kipaza sauti hapewi. Na siku ya kura, kura hapewi.

Sasa najua kuna mtu hapa ananong'ona, "Leo ametuletea siasa kanisani." Mto ule ulimuuliza nani dini yake? Waliozama wengine walikuwa wanavuka kuja ibadani! Mungu aliyewaumba wanaozama, unadhani hana neno juu ya daraja?

Lakini msimcheke mheshimiwa peke yake, mkanifurahisha bure. Nani alimfundisha? Mtu anayesimama mbele za watu hufuata makofi. Nawaambia mimi, ninayesimama hapa kila Jumapili: mkicheka kichekesho kibovu, wiki ijayo nakirudia. Yeye aliona akitaja daraja watu wanasinzia, akileta sanduku wanapiga vigelegele. Angefanya nini? Tulikataa lini, sisi? Tulisimama lini tukasema kodi iliyokatwa kwenye sukari yetu na sabuni yetu ndiyo pesa ya daraja, na hatuombi fadhila, tunadai kilicho chetu? Sisi tulisema, "Angalau ametukumbuka." Angalau! Neno hilo limetuzika wengi kuliko mto.

Basi sikieni mwisho wa mfano, maana wengi mnadhani umeisha. Dereva alipowasha gari aliuliza, "Mheshimiwa, hili tunalipeleka wapi?" Mheshimiwa akajibu, "We endesha tu. Hatutakosa mahali wanapopiga makofi."

Gari hilo halijasimama, ndugu zangu. Linapita vijiji, linapunguza mwendo, kioo kinashushwa, wanasikiliza. Likifika kwetu, wapendwa, nawaomba kitu kimoja. Mikono ibaki mifukoni, na mdomo ufunguke.