Nyani Aliyeulisha Mba Mafuta

Paukwa!
Pakawa!
Kichwa kinaniwasha!
Kikune!
Nikikikuna?
Kitawasha zaidi!
Basi wekeni mikono magotini, wakubwa kwa watoto, mnisikilize.

Hapo zamani za kale palikuwa na nyani jike, jina lake Sikujua. Alikaa na wenzake juu ya jabali, kando ya mto. Huyu Sikujua hatulii. Akila, anajikuna, kwaru. Akinywa, kwaru. Akisinzia anashtuka, kwaru kwaru kwaru. Vigamba vyeupe vinamwagika mabegani kama unga wa mtu asiyejua kuchekecha.

Sasa, nyani wana desturi yao. Kila asubuhi hukaa mstari, kila mmoja anamchambua mwenzake nywele. Na ukame ukija, wote huvuka mto kufuata matunda. Huvuka wawili wawili, nyani na mchambuzi wake, mmoja macho mbele, mmoja macho nyuma. Asiye na mwenzake huvuka wa mwisho, peke yake. Na mamba anamjua sana huyo wa mwisho.

Mchambuzi wa Sikujua alikuwa Nyamizi, shoga yake tangu utotoni. Asubuhi moja Nyamizi akazipasua nywele, akasita.

"Dada, hivi vyeupe ni nini?"

"Vumbi tu."

Nyani wa nyuma akachungulia. "Vumbi gani? Hao ni chawa weupe. Watatuhamia."

Mstari ukasogea mbali naye. Nyamizi naye akasogea, polepole, macho chini. Hilo lilimuuma Sikujua kuliko kichwa chenyewe.

Akawaza, ngozi yangu imekauka, inataka mafuta. Akaponda mbegu za mbarika, akajipaka, chapa chapa. Siku moja akapata nafuu. Siku ya pili, kwaru. Akaongeza mafuta. Siku ya tatu, kwaru kwaru mpaka damu. Akaongeza tena. Na mto unazidi kupungua, siku ya kuvuka inakuja.

Chini ya jabali alikaa Pimbi, mnyama mfupi, mdomo mrefu. Alikuwa anaota jua. Akapaza sauti:

"Wewe wa huko juu! Mbona unanimwagia unga?"

"Ni chawa weupe," Sikujua akasema, machozi yakimtoka.

Pimbi akaokota kigamba, akakiweka kwenye jiwe, akakitazama. "Chawa hutembea. Hiki kimekaa tu. Huu ni mba, bibi wee. Mama yangu anao tangu sijazaliwa. Tunalala lundo moja, kichwa kwa kichwa, na mimi sina. Kichwani unapaka nini?"

"Mafuta."

"Loo! Mba unapenda mafuta kuliko wewe unavyopenda matunda. Unaupikia, unaupakulia, halafu unalalamika hauondoki."

Pimbi akamwonyesha majani machungu yenye povu. "Fikicha, sugua kwenye ngozi, siyo kwenye nywele. Kisha kaa mpaka kivuli kifike jiwe lile. Ndipo usuuze. Na usijikune."

Sikujua akasugua, akakaa. Kivuli hakiendi. Mguu unacheza, mkia unacheza, kidole kinapanda chenyewe. Kwaru! Akanyanyuka, akasuuza kabla ya wakati. Kesho yake, kwaru. Siku ya tatu Pimbi akaja akamkalia mikono.

"Uzito wote huu?" Sikujua akalalamika.

"Tulia."

Kivuli kikafika. Akasuuza. Baada ya siku mbili, tena. Wiki mbili zikapita, kichwa kikanyamaza. Sikujua akafurahi, akayatupa majani. Siku si nyingi, kwaru.

"Pimbi, umenidanganya. Haujapona."

"Nilisema utapona? Mba hutulia tu. Ukitulia, unapunguza kuosha, huachi. Mbona nywele mnachambuana kila siku na hamsemi zimekataa kupona?"

Ikafika siku ya kuvuka. Nyani wakajipanga ukingoni, wawili wawili. Sikujua yuko nyuma, peke yake. Akafikiri kujificha. Kisha akachoka kujificha. Akakaa mbele ya wote, akafikicha majani, akajisugua, povu likimshuka puani. Mikono magotini.

"Anafanya nini?" nyani wakanong'ona.

Pimbi akajipenyeza katikati yao. "Vigamba vyake vimeninyeshea mwezi mzima. Nichambueni. Mkikuta hata kimoja kimeota kwangu, nitupeni kwa mamba."

Wakamchambua Pimbi, kichwa, mgongo, kwapa. Hakuna kitu.

Nyamizi akatoka mstarini. Akachota maji kwa viganja, akamsuuza shoga yake taratibu mpaka povu likaisha.

"Sikujua," akasema.

"Abee."

"Sikukuita, dada. Nasema sikujua."

Sikujua akamtazama. Akacheka, akalia, vyote pamoja. Wakavuka wawili, Nyamizi macho mbele, Sikujua macho nyuma, mikono imetulia. Mamba alipoinua pua, alionekana mapema. Alirudi chini na njaa yake.

Basi sikieni. Mba si uchafu, wala hauambukizi. Msimkimbie mwenye nao. Usiukune wala usiulishe mafuta. Uoshe kwa dawa yake, uipe dawa muda, na mba ukitulia usiiache kabisa. Ngozi ikichubuka au mba ukikataa kutulia, nenda zahanati ukaulize.

Hadithi yangu imeishia hapo, ukingoni mwa mto. Na wewe unayejikuna hapo nyuma, nimekuona.