Ukili wa Shangazi Wawili

Mama mmoja, Bi Mize, alikuwa na binti aliyeposwa. Kwao bibi harusi haendi kwa mume bila mkeka mpya uliosukwa na shangazi zake. Akienda mikono mitupu, maneno ya wakwe hayaishi mpaka apate wajukuu. Binti alikuwa na shangazi wawili, Time na Mboja, wote mafundi. Bi Mize akawapa miyaa ya mkindu, kila mmoja asuke nusu ya ukili, ule utepe mrefu unaoshonwa ubavu kwa ubavu hadi uwe mkeka.

Basi wenyewe si wakaanza kushindana. Kila mmoja akajifungia kwake, komeo mlangoni, mwenzake asije akaiga. Time alisuka mwembamba, laini, wa rangi. Mboja alisuka mpana, mgumu, wa kukaliwa na vizazi. Majirani walichungulia huku wakasifu, wakachungulia kule wakasifu, na sifa, jamani, zinalevya kuliko tembo.

Harusi ilipokaribia, ukili ukaletwa ushonwe. Ulikuwa mzuri kweli, huu na huu. Lakini kingo hazikushikana. Ukivuta uzi, upande mmoja unajikunja, wa pili unabenuka. Bibi harusi akalia, na alikuwa na haki ya kulia.

Time akaketi chini, akafumua kazi yake yote, ile iliyosifiwa, akasema, "Dada, nisogezee ukili wako niufuate."

Mboja akaona haya, naye akaanza kufumua wake. Wakasuka upya goti kwa goti, wakiwasengenya wakwe na kucheka mpaka mbavu zikauma. Mkeka uliotoka haukuwa laini kama wa Time wala mgumu kama wa Mboja. Uliwatosha bibi harusi na mumewe, na wakwe walioukagua kwa vidole hawakupata pa kusemea. Bi Mize alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Wasomi wa lugha wanatwambia kwamba neno ambalo Wazungu huuita umahiri, "competence", lilianza zamani kwa maana ya kukutana na kufaana, na kwamba kushindana, "compete", ni mtoto wa tumbo hilohilo. Sisi tumembeba mtoto, mama tumemwacha njiani. Haya, ninyi mnaoitwa mafundi: kazi yako wewe inashikana na ya nani?