Kiti Kando ya Padre

Hapo zamani, wala si za kale sana, maana mama mkwe na mkaza mwana wenyewe bado wananuniana, palikuwa na mchungaji wa Presbiteri, Ngunjiri wa kwetu. Akawa padre wa jeshi. Na padre wa jeshi hagusi bunduki. Huenda vitani na Biblia na kikombe cha ushirika, basi.

Siku ya kustaafu, wanajeshi wakampa heshima yao kubwa: gari la wazi, injini imezimwa, kamba mbele, walivute kwa mikono mpaka getini. Kando yake kiti kimoja, cha mtu atakayemchagua mwenyewe.

Mama yake, Wangeci, akasogea. Marehemu mumewe alikuwa ameapa mwanawe asivae gwanda la jeshi. Siku kijana alipokwenda jeshini, Wangeci alimtemea mate kifuani, baraka ya mzazi kwa desturi ya kwetu, mbele ya ukoo mzima. Ukoo ukamsusa mama, kwenye harusi zao akawa anakula peke yake.

"Bila mate yangu," akasema, "leo ungekuwa unachunga mbuzi."

Mkewe, Ruguru, naye akasogea. Ngunjiri alirudi kutoka vitani mpakani akiwa amezika vijana wengi, sauti imemkauka. Anasimama mimbarani, sala haiji. Ruguru akapanda, akasimama naye, anaanza yeye, mume anafuata, Jumapili kwa Jumapili mpaka ulimi ukafunguka. Wazee wa kanisa walimsema sana. Hakushuka.

"Mama, wewe ulizaa mwana," akasema. "Padre nilimwinua mimi."

"Ulimwinua kwa sababu nilikuwa nimekuzalia wa kuinua."

Ngunjiri akageuka, akamtafuta Koplo Ekidor, mlinzi wake, aliyebeba bunduki kwa ajili yao wawili. Siku padre alipotoka handakini kumwombea askari anayekata roho, Ekidor alimlalia juu, risasi ikamla goti. Huyo hakudai kitu. Alikuwa ameshashika kamba na wenzake, anachechemea. Padre akamwita.

"Panda twende, Padre," akajibu. "Nikikaa huko juu, hawa wavivu watavuta kweli?"

Wanajeshi wakacheka. Wale wanawake wawili hawakurudi nyuma hata hatua.

Kamba imekaza. Ngunjiri mguu mmoja garini, mmoja chini, kifua kimemjaa kwa fahari ya watu wake, na kiti kitupu.

Haya, nyinyi mnaotafuna mahindi yangu: angekuwa mwanenu, mngemwambia amketishe nani?