Chura Sikuzani na Samadi ya Kiboko

Nina neno, niliseme?
Liseme, tulisikie.
Na mkisinzia?
Tukisinzia, tukanyage vidole.

Haya. Palikuwa na chura, jina lake Sikuzani, aliyekaa kwenye jiwe katika kijito cha Kiwele. Zamani kijito kile kilijaa vyura. Jioni ikifika huyu anasema kroo, yule anapokea kroo, mpaka hujui nani ameanza.

Kisha Kiboko akaja kulima ukingoni. Akapanda nyanya, akapanda vitunguu, akataka vikue haraka kuliko vya mtu yeyote. Penye kutosha kiganja cha mbolea, yeye alitia debe. Dawa ya kupuliza mara moja, yeye alipuliza mara tano, fss, fss, fss. Mvua ikinyesha, vyote vinateremka majini. Na mabaki je? Samadi, chubwi kijitoni. Nyanya zilizooza, chubwi kijitoni. Makopo ya dawa, chubwi kijitoni.

Maji yakawa ya kijani, yakanuka. Samaki wakaelea matumbo juu. Vyura wakaanza kuhama, huyu leo, yule kesho. Dada yake Sikuzani akamwambia, "Twende, ndugu yangu."

"Mayai yangu hayajaanguliwa," akajibu. "Tangulieni, nitawafuata."

Mayai yakageuka meupe, hayakuanguliwa. Na alipotaka kuwafuata wenzake, hakujua walielekea wapi. Ikawa kila jioni anasema kroo, ananyamaza kusikiliza. Kimya. Anasema tena kroo. Kimya. Mwisho akawa anasema kwa sauti ndogo tu, kama mtu anayejihakikishia kwamba bado yupo.

Siku moja akaenda shambani.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba. Sema upesi, nina kazi."

"Maji yameharibika, bwana. Wenzangu wote wamehama, nimebaki peke yangu. Nakuomba uchafu wako uutupe kwingine."

Kiboko akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Umebaki mmoja tu? Basi malalamiko yanakaribia kwisha."

Sikuzani akarudi kwenye jiwe lake. Hakulia. Akakaa siku tatu akifikiri. Siku ya nne akaenda tena, na safari hii uso umechangamka.

"Bwana Kiboko, nimetumwa nikushukuru."

"Na nani? Kwa lipi?"

"Na Nguruwe wa kule chini. Samadi unayotupa inamfikia. Anaiopoa, anairundika mpaka ioze vizuri, anatia shambani kwake. Vitunguu vyake sasa ni kama kichwa chako."

Kiboko akaacha kutafuna. "Samadi yangu mimi?"

"Yako wewe. Na mvua ikinyesha, mbolea yako inamfikia. Na makopo yako anayasuuza, yale maji ya kusuuzia ndiyo anayopuliza. Hajatafuta dawa mwaka wa pili huu. Anasema tafadhali usichoke kutupa."

Nguruwe huyo hakuwapo. Sikuzani alimtunga mwenyewe, juu ya jiwe, katika zile siku tatu.

"Yuko peke yake huko?" Kiboko akauliza.

"Peke yake? Wako wengi, bwana. Wanakula pamoja. Jioni wanaimba, huyu akianza yule anapokea. Ukipita wanakuambia kaa hapa, kuna nafasi." Sauti ikamtetemeka, kwa sababu alipokuwa akisema alikuwa akiwaona.

Kiboko hakuijali sauti hiyo. Alikuwa anawaza samadi yake. Alitaka kwenda kumpiga Nguruwe, lakini nani angelinda nyanya? Basi akachukua jembe, akachimba shimo, ku, ku, ku. Samadi, shimoni. Nyanya zilizooza, shimoni. Akavifunika vyote vioze, asipate mtu hata harufu. Akajenga matuta kukinga maji ya mvua, akapanda majani mazito ukingoni, ili mbolea yake isitoroke. Makopo akayasuuza mara tatu, maji yake akayarudisha kwenye bomba la kupulizia, na makopo matupu akayafungia ghalani. Dawa akaanza kuipima kwa kifuniko, tone lisipotee.

"Mwambie Nguruwe wako hapati kitu tena," akasema.

"Atasikitika sana," akajibu Sikuzani.

Mwaka huo Kiboko alivuna kuliko miaka yote, akakaa mlangoni kwa ghala akijisifu kwamba amemkomoa Nguruwe. Alijisifu peke yake. Hapakuwa na wa kumsikiliza.

Kijito kikachukua masika mawili kusafika. Kwanza harufu ikaondoka. Kisha vikaja vidudu vya majini. Ndugu zake Sikuzani hawakurudi, hata mmoja. Lakini asubuhi moja akaja chura mgeni, mwembamba, miguu imejaa vumbi, lafudhi yake ngeni.

"Hodi, dada. Natokea kule chini."

"Kule chini kuna nani?"

"Hakuna mtu. Matope tu."

Sikuzani akajivuta upande mmoja wa jiwe, akamwambia, "Kaa hapa. Kuna nafasi."

Neno langu limefika mwisho, mwenye kiu akanywe.
Na funzo je?
Funzo, wanangu, ni hili: muwe wachoyo. Uchafu wako ni wako, usimgawie jirani hata kidogo. Na uongo ni mbaya sana, msiseme kabisa, labda mkiwa mmebaki peke yenu.